Tairi la 48,000 na la 65,000: nitajuaje kama kweli moja linadumu kuliko jingine?

mama_sele (Morogoro)

Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada wa watu wa hesabu. Wale wa "mimi natumia hili miaka yote na halijawahi kuniangusha" nimeshawasikia kijiweni vya kutosha, naomba leo wanipishe.

Nina pikipiki kumi za bodaboda, zote aina moja. Vijana wananiletea hesabu kila jioni, mafuta juu yao, matengenezo makubwa juu yangu. Kinachonimaliza ni tairi la nyuma. La mbele linakaa hadi unalisahau, lakini la nyuma kila baada ya miezi mitatu na ushee fundi ananipigia: "Mama Sele, hili limeshakuwa kipara."

Dukani kuna aina mbili ambazo hazikosekani. Moja ina lebo nyekundu, shilingi 48,000. Nyingine ina lebo ya bluu, 65,000. Majina ya kampuni siweki, sitaki mtu wa mauzo aje kunijibu hapa badala ya mtu wa hesabu. Mwenye duka anaapa kwamba Bluu inakwenda kilometa mara mbili ya Nyekundu. Nikasema hapana, nitapima mwenyewe. Kuanzia Agosti kila pikipiki nilifunga Nyekundu mpya, na kila lilipoisha nikafunga Bluu mpya. Kilometa nazipata kwenye mita: Jumamosi jioni kila kijana ananitumia picha ya mita kwa WhatsApp, asipotuma Jumapili hatoki. Waya wa mita nimeubana kwa koleo juu na chini, maana kuna wajanja wanauchomoa ili pikipiki ionekane haijatembea.

Sasa matokeo. Nyekundu wastani wake ni kilometa 9,450. Bluu wastani ni 10,700. Bluu imezidi kwa 1,250.

Mwanangu yuko kidato cha tano, kaniambia, "Mama, 10,700 ni kubwa kuliko 9,450, imeisha hiyo." Mimi sijaridhika. Ndani ya Nyekundu peke yake kuna tairi lililokufa kwenye 6,900 na kuna lililofika 12,300. Kama aina moja inapishana yenyewe kwa yenyewe kiasi hicho, hiyo 1,250 ina uzito gani? Ni ubora wa tairi au ni bahati ya yale niliyopata?

---

kiti_cha_nyuma

Bluu. Mimi natumia hilo miaka yote. 😀

---

dogo_takwimu

Shikamoo mama Sele. Swali lako ni zuri kuliko mengi tunayopewa darasani, sikutanii.

Umeuliza lenyewe hasa. Wastani peke yake hausemi kitu hadi ujue namba zimetawanyika vipi kuuzunguka. Tairi zote za Nyekundu zingekuwa kati ya 9,300 na 9,600, na za Bluu zote kati ya 10,500 na 10,900, kusingekuwa na haja ya hesabu, jicho lingetosha. Lakini wewe una 6,900 hadi 12,300. Kwa hiyo tunaichukua ile 1,250 na kuilinganisha na kiasi ambacho wastani wa tairi chache ungeweza kupanda na kushuka kwa bahati tu. Hicho ndicho kipimo cha t.

Weka namba zote hapa nikukokotolee. Na useme ni tairi ngapi kila upande.

---

mama_sele

Marahaba mwanangu. Namba hizi hapa. Ya kwanza Nyekundu, ya pili Bluu, pikipiki ile ile, dereva yule yule.

Ya Hamisi: 11,200 / 12,900
Ya Juma mrefu: 8,400 / 9,100
Ya Peter: 9,800 / 11,600
Ya Shaban: 6,900 / 8,300
Ya Kelvin: 12,300 / 12,800
Ya Dulla: 7,700 / 9,600
Ya Emma: 10,100 / 11,300
Ya Juma mfupi: 9,200 / 10,000

Hizo ni nane. Mbili sikuziweka kwenye wastani. Ya Bakari Nyekundu lilienda 9,900, na Bluu liko kwenye 11,400 na bado kashata (yale meno ya tairi) zipo, halijaisha, kwa hiyo sikuona nitaandika nini. Ya Frank Nyekundu lilienda 8,800, Bluu likachanwa na kipande cha nondo Kihonda likiwa na kilometa 4,000 tu. Hilo nimelitupa, si kosa la tairi.

---

dogo_takwimu

Asante mama. Nimeziingiza kwenye kompyuta.

Mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni kama 1,790 kwa Nyekundu na 1,710 kwa Bluu. Nimetumia kipimo cha t cha Welch, kile kisichodai kwamba mitawanyiko ya pande zote mbili iwe sawa. Kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho pengo la wastani lingeweza kuyumba kwa bahati tu, linatoka kama 875. Gawa 1,250 kwa 875, unapata t ya 1.43. Kwa digrii za uhuru 14 (namba inayotokana na wingi wa tairi), p ni karibu 0.18.

Kwa lugha ya kijiweni: chukulia tairi hizi ni sawa kabisa, zinatofautiana lebo tu. Ungerudia jaribio hili mara mia, kama mara 18 ungeona pengo la 1,250 au kubwa zaidi kwa bahati tu. Desturi ni kutaka chini ya mara 5 katika 100 kabla ya kusema kuna tofauti. Kwa hiyo jibu ni kwamba data hii haijaonyesha tofauti. Tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya Nyekundu kuzidi kwa kilometa 630 na Bluu kuzidi kwa 3,130.

Haimaanishi kwamba ni sawa, angalia hapo. Ina maana tu kwamba tairi nane nane hazitoshi. Kwa mtawanyiko huu, ili pengo kama la 1,250 lionekane bila wasiwasi ungehitaji tairi thelathini na kitu kila upande.

---

mama_sele

Thelathini na kitu mara mbili! Hiyo ni zaidi ya milioni tatu ya tairi ili nijue ninunue tairi gani.

---

mwalimu_mstaafu

Mama Sele, usinunue tairi hata moja. Data unayo tayari, na umeikusanya vizuri kuliko ilivyochambuliwa.

Kijana wangu dogo_takwimu, hesabu yako haina kasoro, nimeikagua. Lakini umefanya jambo moja ambalo lingenifanya niandike kwa kalamu nyekundu. Mama amekuambia "pikipiki ile ile, dereva yule yule", nawe ukazikusanya namba nane za kushoto kwenye ndoo moja na nane za kulia kwenye ndoo nyingine, ukasahau nani ni wa nani. Umetupa sehemu ya data iliyo na thamani kubwa kuliko zote.

Tazameni safu za mama tena. Shaban ni wa mwisho kwa Nyekundu, na wa mwisho kwa Bluu. Kelvin na Hamisi wanaongoza kwa Nyekundu, na wanaongoza kwa Bluu. Mtawanyiko wote huu wa 6,900 hadi 12,300 hautoki kwenye tairi. Unatoka kwa anayekaa juu yake na njia anayopita. Ni sawa na kupima urefu wa watoto kila mmoja akiwa amesimama kwenye ngazi yake. Huwezi kujua nani mrefu hadi uiondoe ngazi.

Kuiondoa ni rahisi kuliko kutamka. Chukua Bluu toa Nyekundu, kwa kila pikipiki:

1,700; 700; 1,800; 1,400; 500; 1,900; 1,200; 800.

Sahau namba nyingine zote. Sasa una kundi moja la namba nane, na swali ni moja: wastani wake uko mbali na sifuri kiasi gani? Wastani ni ule ule, 1,250. Lakini mchepuko sanifu wa tofauti hizi ni 537 tu, sio 1,700 na kitu. Gawa kwa kipeuo cha pili cha 8, unapata kosa sanifu la 190. Halafu 1,250 gawa kwa 190, t ni 6.6 kwa digrii za uhuru 7. Kwenye jedwali, t ya 5.41 inatosha kwa p ya 0.001, sisi tumepita hapo. Pengo la kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, liko kati ya kilometa 800 na 1,700.

Data ile ile. Njia ya kwanza inasema "hatujui", ya pili inasema "Bluu inadumu zaidi bila ubishi". Kwa wenye Excel, fomula ni T.TEST, na namba ya mwisho ndani ya mabano ndiyo inayoamua: ukiandika 1 inafanya jozi, ukiandika 3 inafanya alichofanya kijana.

Na kama huna kompyuta wala jedwali, angalia alama tu. Tofauti zote nane ni chanya. Kama tairi zingekuwa sawa, kila pikipiki ingekuwa sarafu iliyorushwa. Sarafu nane kuangukia upande mmoja zote, uwe wowote, ni mara 2 kati ya 256, yaani mara 1 kati ya 128. Hesabu hiyo mwanao wa kidato cha tano anaiweza.

Kipimo cha t chenyewe kilizaliwa kwa shida kama ya mama, ya kuwa na sampuli ndogo na pesa kidogo. William Sealy Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, akishughulika na shayiri na majaribio machache machache. Mwaka 1908 alichapisha makala yake kwa jina la "Student", maana kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Mfano aliotumia humo ulikuwa wa wagonjwa 10 waliopewa dawa za usingizi, kila mgonjwa akilinganishwa na nafsi yake, sio na jirani. Jozi, kama za mama.

---

dogo_takwimu

Shikamoo mwalimu. Nimekubali, nimejifunza. Ila nina swali la uchokozi: jozi zinadai tofauti ziwe na umbo la kengele, yaani nyingi karibu na wastani na chache mbali nao. Kwa namba nane tutajuaje?

---

mwalimu_mstaafu

Marahaba. Hutajua, na kwa hapa huna haja. Tairi linalokufa kwa kusagika linakaribia wastani wake kidogo kidogo, hakuna la kilometa 200 wala la 90,000. Tofauti zake zinatulia. Ungekuwa unapima kitu kinachokufa ghafla, kama taa za LED ambazo moja inazima wiki ya kwanza na nyingine inakaa miaka, hapo ningekukataza t na kukutuma kwa akina Weibull, Msweden aliyeandika kuhusu uvunjikaji wa vyuma na maisha ya vitu. Na ukiwa na wasiwasi zaidi, ile hesabu ya alama haidai umbo lolote, nayo imetupa jibu hilo hilo.

---

fundi_msamvu

Wakuu nawasoma kwa heshima, lakini mimi ndiye ninayeshika spana. Kuna mambo hayamo kwenye hesabu zenu.

Mama Sele, umesema Nyekundu zote zilianza Agosti. Kwa mwendo wa vijana wako zilikuwa zinaisha Novemba na Desemba. Maana yake Nyekundu imetembea kwenye jua kali na lami inayochoma. Bluu ikaingia na mvua. Lami yenye maji haisagi mpira kama lami kavu ya saa nane mchana. Mimi hapa kijiweni naona kabisa, msimu wa mvua nauza tairi chache za nyuma. Sasa hiyo 1,250 mnampa nani, Bluu au mvua?

La pili. Nani anasema "limeisha"? Kama ni fundi, kila fundi na jicho lake. Mwingine anataka akuuzie leo. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi TWI, zimeandikwa ndogo sana au kuna kipembe tatu. Kuanzia hapo fuata kwa kidole kwenda juu hadi kwenye mfereji wa kashata, utakuta kijinundu cha mpira kimelala ndani ya mfereji. Kashata zikishuka zikalingana na kijinundu, tairi limekwisha, mwendesha bodaboda abishe asibishe. Kabla ya hapo halijaisha. Hiyo ndiyo alama, mengine ni maneno.

La tatu, huyo Shaban wa 6,900 hapakii abiria tu. Sitaki kumchongea, lakini mwenye pikipiki iliyokula tairi hivyo muulize magunia ya mkaa.

---

mama_sele

Fundi umenichekesha na umenitia hasira kwa pamoja. Shaban nitaongea naye.

Lakini hilo la mvua limenikaa. Mwalimu, unasemaje?

---

mwalimu_mstaafu

Nasema fundi ameona kitu ambacho p ya 0.001 haiwezi kukiona. Hesabu ya jozi inakuambia pengo ni la kweli. Haikuambii limetoka wapi. Kila Nyekundu ilitangulia, kila Bluu ilifuata, kwa hiyo kila kilichobadilika kati ya Agosti na mwaka mpya kimejificha nyuma ya Bluu: mvua, shule kufungwa, kijana kuzoea njia, hata wewe mwenyewe kuanza kuwakagua vijana kwa picha za Jumamosi wakaendesha kwa adabu.

Dawa yake haihitaji tairi thelathini. Mzunguko ujao, andika vikaratasi kumi, vitano "N" na vitano "B", vikunje, mjukuu achote kimoja kwa kila pikipiki. Usichague wewe, wala usimwachie fundi. Zikiisha, kila pikipiki inabadilishana. Hapo mvua itainyeshea Nyekundu kama itakavyoinyeshea Bluu.

Kuna mfano maarufu wa walimu wa takwimu, wa viatu vya wavulana 10. Walitaka kulinganisha mipira miwili ya soli, A na B. Hawakuwapa wavulana watano A na watano B, maana kuna mtoto anayekokota miguu na kuna anayetembea kama paka. Kila mtoto alivaa A mguu mmoja na B mguu mwingine, na mguu upi uvae nini uliamuliwa kwa kurusha sarafu. Pengo kati ya soli lilikuwa dogo sana ukilinganisha na pengo kati ya mtoto na mtoto, lakini likaonekana. Pikipiki haina miguu miwili inayofanya kazi sawa, la nyuma linabeba mzigo na kuvuta, ndiyo maana wewe inabidi ubadilishane kwa muda.

---

bajaji_mazimbu

Mwalimu, sisi wa bajaji tunayo miguu miwili nyuma! Kushoto Nyekundu, kulia Bluu, nyingine kinyume chake. Sarafu ya 200, ikianguka Karume kushoto ni Nyekundu, ikianguka simba kushoto ni Bluu. Mvua moja, dereva mmoja, mzigo mmoja. Si ndiyo viatu vyenyewe?

---

mwalimu_mstaafu

Ndivyo vyenyewe hasa! Kwa upande wa hesabu sina la kuongeza.

---

fundi_msamvu

Kwa upande wa barabara ninalo. Tairi mbili za kashata tofauti kwenye ekseli moja, siku ya mvua ukakanyaga breki, upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Na abiria watatu nyuma. Msipime kwa roho za watu. Kama kashata zinafanana na saizi ni ile ile, kidogo naweza kukuelewa. La sivyo fanyeni kama mama Sele, mbadilishane kwa zamu.

Na hapo hapo niseme: kudumu sio kila kitu. Mpira mgumu unadumu, lakini mpira mgumu kwenye lami yenye maji sio rafiki. Muulizeni kijana aliyelilalia tairi gumu kwenye kona.

---

mama_sele

Nimeelewa. Sasa mbili nilizozitoa, ya Bakari na ya Frank, nilikosea au nilipatia?

---

mwalimu_mstaafu

Ya Bakari irudishe. Tairi ambalo bado linatembea si tairi lisilo na habari. Tunajua limeshaizidi Nyekundu yake kwa kilometa 1,500 na bado linaendelea. Ukiondoa yale yaliyo hai, unaondoa mara nyingi yale bora kabisa, na unaionea aina inayodumu. Usiandike 11,400 kama ndiyo mwisho wake, maana sio mwisho wake, lakini kwenye hesabu ya alama linahesabika bila shida: sasa ni chanya tisa kati ya tisa, mara 1 kati ya 256. Wanaopima uhai wa wagonjwa na mashine wanayo njia kamili ya data ya namna hii, ya Kaplan na Meier, tangu mwaka 1958. Kwako wewe alama zinatosha.

Ya Frank ni mjadala. Kama nondo ingechana tairi lolote, lihesabu kama lililokuwa hai kwenye 4,000 halafu likatoka mchezoni. Halitupi habari kubwa, basi. Lakini kama ubavu wa Bluu ni mwembamba kuliko wa Nyekundu, nondo ni sehemu ya maisha ya Bluu na huna haki ya kulitupa. Moja haliamui. Andika kwenye daftari kila tairi limekufa kwa sababu gani, yakifika matatu ya kuchanwa upande mmoja na sifuri upande mwingine, tutaongea tena.

Lakini mama, tumezunguka sana na kuliacha swali lako lenyewe. Hukuja kuuliza kama Bluu inadumu zaidi. Ulikuja kuuliza ununue lipi. Hayo ni maswali mawili, na la pili halijibiwi na p.

Gawa bei kwa kilometa. Nyekundu: 48,000 kwa 9,450, ni shilingi 5.08 kwa kilometa. Bluu: 65,000 kwa 10,700, ni shilingi 6.07. Bluu inadumu zaidi kwa asilimia 13, lakini bei yake iko juu kwa asilimia 35. Ili zilingane, Bluu ingepaswa kufika karibu 12,800. Sasa rudi kwenye ile mipaka: hata tukiipa Bluu pengo la juu kabisa la 1,700, inafika 11,150. Haifiki. Na hapo mvua tumeizawadia Bluu yote. Tukiitoa mvua, Bluu inazidi kushuka.

---

dogo_takwimu

Mwalimu, umesahau gharama ya kubadilisha. Bluu inabadilishwa mara chache. Fundi anachukua pesa, na kijana anapoteza muda.

---

mwalimu_mstaafu

Sikusahau, nilikuwa nakusubiri. Weka gharama ya kila badiliko iwe X, uisawazishe pande zote mbili: 48,000 kujumlisha X, kwa 9,450, iwe sawa na 65,000 kujumlisha X, kwa 10,700. Nimepata X kama 80,500. Fundi_msamvu, unachukua ngapi kubadilisha tairi la nyuma?

---

fundi_msamvu

Elfu tatu. Na tyubu ikiwa nzima nakurudishia ile ile. Elfu themanini labda unibadilishie na injini.

---

mama_sele

Hesabu hii nimeielewa hadi mwisho, na mwanangu nimemsomesha nayo leo jioni. Amenyamaza.

Swali moja la biashara basi: Bluu ingekuwa bei gani ndipo niinunue?

---

dogo_takwimu

48,000 zidisha kwa 10,700, gawa kwa 9,450. Ni 54,300 na kitu. Chini ya hapo Bluu ni halali yako, kama mvua haikutudanganya.

---

mama_sele

Nimetoka dukani. Nilimwambia 54,000 kwa tairi kumi, akasema 60,000 ndiyo mwisho na ananipa tyubu moja ya bure. Nikamuuliza ile "mara mbili" yake iko wapi, nikamwonyesha daftari. Akasema daftari ni la kwangu, tairi ni la kwake.

Kwa hiyo nimechukua Nyekundu tano na Bluu tano kwa mzunguko huu tu, vikaratasi vimechotwa, TWI ndiyo hakimu, na upepo unapimwa kila Jumatatu asubuhi kabla hawajatoka. Shaban amekiri mkaa. Nimemwachia pikipiki ile ile makusudi, ili jozi yake isivurugike, ila mkaa basi.

---

mwalimu_mstaafu

Hapo kwa Shaban umeniharibia, mama. Nyekundu yake ya 6,900 na Bluu ya 8,300 zilikuwa za mkaa, zijazo si za mkaa. Usizichanganye mizunguko hiyo miwili. Mzunguko mpya uwe na jozi zake zenyewe.

---

kiti_cha_nyuma

Na cheni na sproketi je? Nina za aina mbili, nataka kupima kama mama.

---

fundi_msamvu

Badilisha seti nzima kwa wakati mmoja, cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya sproketi iliyokwisha meno inakufa mapema, halafu utailaumu kampuni ya cheni.